Tukibana Mishahara Yote, Nani Atanunua?

Maneno haya niliyasema katika kikao cha wafanyabiashara hapa Mombasa. Wengi mlikuwa safarini, wengine hamkuweza kuacha maduka, mkaniomba niyaandike. Haya hapa, yote kama yalivyosemwa.

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu katika biashara, hamjambo?

Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kufunga maduka saa hizi za mauzo ili tukae pamoja. Nimeombwa nizungumzie pengo kati ya walio nacho na wasio nacho, na hili tabaka la kati ambalo linazidi kukonda. Najua wako humu ndani wanaosema moyoni kwamba hayo ni ya wanasiasa na watu wa mabango, sisi tuachiwe bei ya sukari na ada za bandari. Ndugu zangu, hili ni letu sisi hasa. Yule anayeporomoka kutoka tabaka la kati ndiye aliyekuwa akiingia dukani kwako mwisho wa mwezi na orodha mkononi. Akiporomoka yeye, nani atanunua?

Liwekeni swali hilo kichwani, maana nitaliuliza tena. Nani atanunua?

Nianze na wakubwa wa dunia, mtu asije akadhani haya ni maneno ya wenye kijicho. Kila mwaka matajiri, wenye mabenki na marais hukutana Davos, kule milimani Uswisi, na Jukwaa la Uchumi Duniani hutoa ripoti ya hatari zinazoikabili dunia. Mwaka 2012, na 2013, na 2014, mara tatu mfululizo, hatari waliyoiweka juu kabisa kwa uwezekano wa kutokea ilikuwa pengo kubwa la kipato. Mwaka huohuo wa 2014 tajiri mmoja wa Seattle, Nick Hanauer, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutia pesa katika Amazon, aliwaandikia matajiri wenzake hadharani akawaonya kwamba wakiendelea hivi, ipo siku watu watawajia mlangoni. Agosti 2019 wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani walitia saini tamko kwamba kampuni haipo kwa ajili ya wenye hisa peke yao. Ina wajibu pia kwa wafanyakazi, kwa wateja, kwa wanaoiuzia bidhaa na kwa jamii inayoizunguka. Mimi simpimi mtu kwa saini yake, namngoja nione mwisho wa mwezi amelipa nini. Lakini mjue kwamba hofu hii imeshafika hata kwenye meza za mabilionea.

Wanaogopa nini hasa?

Huyo Hanauer aliieleza kwa suruali. Anapata mara elfu moja ya anachopata Mmarekani wa kawaida, lakini hanunui suruali mara elfu. Ananunua chache, kama mtu yeyote. Magari ya nyumbani kwake hayawi elfu tatu. Basi pesa inayobaki inakaa, inazunguka kwenye hisa na majumba, haipiti kwenye kaunta ya mtu. Pesa hiyohiyo ingekuwa mikononi mwa familia elfu, zingenunuliwa suruali, viatu, masufuria, sare za shule, na kila mwenye duka angepata chake.

Tena kwao Marekani tunakoambiwa tujifunze, takwimu zenyewe hazifurahishi. Kituo cha utafiti cha Pew kinasema mwaka 1971 watu wazima 61 katika kila 100 walikuwa tabaka la kati. Kufika 2021 walikuwa 50. Fungu lao katika pato lote la majumbani lilikuwa asilimia 62 mwaka 1970. Mwaka 2020 lilikuwa 42. Wamepungua wao, na kilichobaki mikononi mwao kimepungua kuwashinda.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba tabaka la kati la Afrika limefika watu milioni 313, yaani mtu mmoja katika kila watatu. Mnakumbuka shangwe zile? Makampuni ya nje yakaja mbio. Majengo ya maduka yakaota kila mahali. Wachache ndio walioisoma ripoti mpaka ndani. Waliohesabiwa ni wanaotumia kuanzia dola mbili kwa siku mpaka ishirini, na wengi wao walikuwa wale wa dola mbili hadi nne, ambao benki yenyewe iliwaita watu wanaoelea: ugonjwa mmoja, kifo kimoja, mvua ikikosa msimu mmoja, wamezama. Niulizeni mimi, mtu wa dola mbili kwa siku ni tabaka la kati la wapi?

Jibu lilikuja mwaka 2015. Nestlé, kampuni ya Uswisi ya maziwa na kahawa, ilitangaza kupunguza asilimia 15 ya wafanyakazi wake katika nchi 21 za ukanda wetu, Kenya ikiwemo. Mkuu wake wa ukanda huu alisema wazi kwamba walidhani hapa patakuwa Asia nyingine, kumbe tabaka la kati ni dogo mno na wala halikui. Zingatieni maneno hayo. Viwanda vilikuwepo, malori yalikuwepo, matangazo yalikuwepo barabarani. Waliokosekana ni wanunuzi.

Nani atanunua?

Wala hamhitaji ripoti kuliona hili. Nendeni Majengo, nendeni Kisauni, nendeni Mshomoroni saa kumi na mbili jioni, msimame kando ya duka la rejareja mtazame tu. Mama anakuja na chupa tupu ya soda. Anapimiwa mafuta ya kupikia ya shilingi thelathini, na muuzaji anangoja tone la mwisho litoke kwenye kipimo, maana mama analiangalia. Sukari ya kumi na tano, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Majani ya chai ya tano. Nusu mkate. Akitoa simu kulipa, anatazama kwanza kama Fuliza yake, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, bado ina nafasi.

Na huyo mama si ombaomba. Ana kazi. Mumewe ana kazi. Zamani nyumba hiyo ilichukua mafuta ya lita tatu na sukari kilo mbili, mara moja, tarehe ya mshahara. Sasa ni kadogo, leo kwa leo. Hesabu ya kadogo nayo ni kali: ukijumlisha vipimo vile mpaka vifike kilo, yule mama ameilipia kilo yake bei kubwa kuliko mwenye gari aliyeichukua supamaketi. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi. Sisi wa jumla tunaiona foleni ndefu tukajipongeza kwamba biashara imechangamka. Foleni ndefu ya nini? Ya watu wanaonunua kidogo zaidi kila wanaporudi.

Mniruhusu sasa niitazame kidogo karatasi ya mshahara, kwa sababu hapa ndipo tabaka la kati linapovunjikia.

Yuko mama mmoja ninayemfahamu, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, anakaa Mikindani. Mshahara wake kwenye karatasi ni shilingi 60,000. Ukiusikia, utasema huyu amejiweza. Haya, tupige hesabu. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani 1,650. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 900. NSSF, akiba ya uzeeni, 3,600. Kodi ya mapato, baada ya nafuu zote, ni kama 8,500. Kinachofika mkononi ni 45,000 na ushei. Kodi ya nyumba, vyumba viwili, 14,000. Karo ya wawili. Nauli ya kwenda kazini na kurudi. Mkopo wa sako. Mamake Kaloleni anangoja dawa za presha kila mwezi. Kufika tarehe kumi na nane mama huyu anakopa kwa simu, na yeye kwenye vitabu vya serikali si maskini, kwa hiyo basari mwanawe hapati.

Watu kama huyu ndio boriti za mji huu. Ndio wanaolipa karo kwa wakati, wanaopanga vyumba vyetu, wanaonunua friji kwa lipa mdogo mdogo, wanaoshona nguo mpya Idi na Krismasi. Hawakwepi kodi kwa sababu hawawezi: wanakatwa kabla hawajaiona pesa. Mwaka 2011 Warren Buffett, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa duniani, aliandika kwamba yeye amelipa kodi asilimia 17.4 ya kipato chake, hali wafanyakazi wa ofisini mwake walilipa wastani wa asilimia 36. Akasema si haki. Tajiri mwenyewe kasema. Huku kwetu nani kati yetu amesimama akasema karani wangu anabebeshwa kuliko mimi?

Naomba mniwie radhi, lakini hilo linaniuma. Tukikutana na wakubwa wa serikali tunaomba nafuu ya ushuru wa forodha, nafuu ya stima, nafuu ya ada za bandari. Sijasikia tukiomba nafuu ya huyu mama, na yeye ndiye mteja.

Na walio kama yeye hawaongezeki. Mwaka 2023 nchi hii ilihesabu kazi mpya kama 848,000. Katika hizo, kama 720,000 zilikuwa jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Siidharau jua kali, wengi wetu tumetokea huko. Lakini mtu asiyejua Alhamisi atapata nini hawezi kuchukua kiwanja kwa mkopo wala kumlipia mtoto muhula mzima. Ananunua kadogo.

Wazee wangu, mji huu una historia katika jambo hili, na inanishangaza kwamba hatuwasimulii vijana wetu.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa gatini waliacha mizigo melini. Wafanyakazi wa reli wakatoka, wa mahoteli wakatoka, hata wapishi na mayaya wa majumba ya wazungu wakatoka. Watu kama 15,000. Walikuwa wakikusanyika katika uwanja wa mpira, na uwanja ule wakaupa jina lao wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Shirikisho lao likaongozwa na kijana aitwaye Chege Kibachia. Karibu wiki mbili mji haukufanya kazi, mpaka Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, akaja akawasihi warudi kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa. Kibachia mwenyewe serikali ya kikoloni ilimkamata baadaye mwaka huohuo ikampeleka kizuizini mbali na pwani.

Kwa nini walitoka? Makuli walikuwa vibarua wa kutwa. Asubuhi unasimama langoni, ukichaguliwa umekula, usipochaguliwa unarudi. Waajiri waliupenda mtindo huo, maana kibarua ni rahisi: leo unaye, kesho humjui. Bei za vyakula na vyumba zilipanda baada ya vita, mshahara ukabaki palepale. Ndipo waajiri wakaona walichokuwa hawakioni, kwamba mtu usiyemjua kesho naye hana haja ya kuijua meli yako kesho. Hana cha kupoteza.

Walipoona hasara, wakabadilika. Si kwa huruma, nawaambia kweli, kwa hesabu. Miaka ya 1950 makuli wakaanza kuandikishwa, kazi ikaanza kuwa ya kudumu, na mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni, ile ya Carpenter, ikasema mshahara wa Mwafrika lazima uweze kulisha familia, usiwe wa mwanamume mmoja anayelala kitandani kwa zamu. Wangapi humu baba zenu walikuwa bandarini au reli? Inueni mikono. Naam. Tazameni huko nyuma. Nyinyi mmesomeshwa na mshahara ule.

Sasa niambieni, langoni mwa yadi za makontena leo asubuhi, vijana walikuwa wamesimama wakingoja nini? Walikuwa wakingoja kuchaguliwa. Miaka mingi baadaye tumeurudisha mtindo uleule, tofauti ni kwamba sasa kuna wakala katikati anayekula kipande chake, na mkataba wa miezi mitatu unaofanywa upya mpaka mtu anaota mvi. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipofunguliwa mwaka 2017, na mizigo ya bara ikaamriwa ipelekwe kwa reli mpaka Nairobi, tulilia sote, na tulikuwa na haki ya kulia. Yadi zilinyamaza, magereji ya malori Changamwe na Miritini yakanyamaza, mabanda ya vyakula nayo. Septemba 2022 amri ikatolewa mizigo itolewe tena hapahapa. Tukashangilia. Lakini wale ninaowafahamu waliopoteza kazi ya mwezi walirudi wakapewa kazi ya siku. Mzigo ulirudi, mshahara haukurudi. Sasa mwenye duka Magongo anashangaa mauzo hayajarudi.

Nani atanunua?

Mtaniambia: rahisi kusema, wewe hulipi stima yangu. Nalipa yangu, najua. Najua kodi za maduka katikati ya mji, najua kontena likikaa bandarini siku ya ziada linatoza nini, najua kaunti na serikali zikichelewa kulipa zabuni mtu anaweza kuuza gari. Simwambii mtu alipe asichonacho. Nasema hivi: kila mmoja wetu anamwona mfanyakazi wake kama gharama, na mfanyakazi wa jirani kama mteja. Jirani naye anafanya hesabu hiyohiyo upande wake. Sote tukibana, sote tunapoteza, na kila mmoja akiangalia vitabu vyake peke yake anaona amefanya la busara.

Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani, aliliona hilo Januari 1914. Mgala muue na haki umpe: Ford alikuwa mtu mgumu, na alituma watu majumbani mwa wafanyakazi kuchungulia wanavyoishi. Lakini mwaka 1913 kiwanda chake cha eneo la Detroit kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na wafanyakazi kama 14,000, maana walikuwa wakiichoka kazi wanaondoka. Kila anayeondoka anaacha mashine imelala, na mgeni lazima afundishwe upya. Akatangaza dola tano kwa siku, zaidi ya mara mbili ya iliyokuwepo, na zamu ikashuka kutoka saa tisa kuwa nane. Matajiri wenzake wakamwita mwendawazimu. Wafanyakazi wakatulia, magari yakatoka mengi zaidi, na bei ya gari ikazidi kushuka mpaka watu wa kawaida wakaweza kulinunua.

Muulize mwenye hoteli yeyote wa Nyali au Diani anapoteza kiasi gani kumfundisha mhudumu mpya kila msimu. Kisha umuulize kama anakihesabu.

Hili la amani nitalipitia haraka, kwa kuwa mnalijua. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bunge la nchi hii kwa sababu ya Mswada wa Fedha, ambao mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Kesho yake Rais akatangaza kuwa hatausaini. Wengi wao walikuwa watoto waliosoma, wenye vyeti, waliolelewa wakiambiwa soma utapata kazi. Hao ndio waliokuwa wawe tabaka la kati. Siku zile tulifunga maduka, hapa pia. Na hata siku za kawaida, hebu kila mtu ajumlishe anacholipa kwa mabawabu, kuta, kamera na vyuma vya madirisha, kwa hofu ya vijana wa mapanga. Hiyo nayo ni mishahara, ila tunawalipa watu wa kutulinda dhidi ya watu ambao hatukuwaajiri.

Ninaomba mambo machache.

La kwanza ni sheria, tena ipo tayari. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, au akipewa kazi isiyoweza kwisha ndani ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Ni mwajiriwa, na haki za mwajiriwa ni zake. Wangapi humu wana kibarua wa mwaka wa tano? Nawaona mnatazama chini. Mpeni barua.

Jingine, ukimkata mtu SHIF na NSSF, zipeleke. Kumkata mtu na kuikalia pesa yake mpaka afukuzwe hospitalini na mtoto mgonjwa mkononi ni wizi, sina jina jingine. Na mshonaji, fundi wa mbao, mama anayekuletea mahamri ya chai ya ofisi, walipe mzigo ukifika. Tunawalaumu wakubwa wa kaunti kwa madeni, huku sisi tunamzungusha mama wa mahamri siku tisini.

Na sisi wa kikao hiki, tutakapokwenda tena kuonana na serikali, naomba makato ya mwenye mshahara yawe ya kwanza kwenye karatasi yetu, juu ya ada za bandari. Katibu ameshaniahidi kuyaweka, na nimemwambia nitayasoma mwenyewe kabla ya barua kutoka.

Mezani karibu na maji kuna fomu. Haina jina lako, inauliza tu una vibarua wangapi waliopita mwezi, na utawaandikia barua wangapi kabla ya mwisho wa mwaka. Zijazeni kabla ya chakula. Sasa karibuni kwa maswali, na wenye ghadhabu waje kwanza.